Mafundo Matatu ya Jicho

Jumamosi, 2 Juni 1984

Karatasi, hatimaye! Mama kapata mfuko mtupu wa saruji kwa fundi anayejenga kule Maisaka. Tumeukung'uta mpaka tukapiga chafya wote wawili, nikaukata vipande. Karatasi nene, inashika nukta vizuri. Kibao changu cha kuandikia kilikaa bure tangu Pasaka. Hakuna mtu hapa Bagara anayeweza kusoma nukta nundu, maandishi yetu vipofu, ila mimi. Raha iliyoje! Naweza kumsema yeyote.

Habari kubwa: leo tumecheza Msafara, mchezo wetu wa dadu, na Jicho, msafiri wangu, kapona tena. Chui karuka kutoka juu ya mti, kampita Lembris, kampita Fabiola, akamvamia Jicho. Mwalimu Sylvesta, msimulizi wetu, akarusha dadu ya hatari kwenye bakuli la bati – kwaang'! "Mbili," akasema. Mbili tu! Nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka.

Lembris akanuna. Mpiga mishale wake aliuawa na nyoka wiki ya Pasaka, akaomboleza kama kafiwa na shangazi. Sasa ana mtu mpya, mchunga punda tu. Fabiola naye kashazika waganga wawili. Jicho wangu yupo tangu Novemba! Nimewaambia: tatizo lenu hamjui kutembea porini. Nimewatambia sana. Wamenyamaza, wenye wivu hao.

Na ile sauti ya Sylvesta sikioni anaponinong'oneza. Inanukia tangawizi – sauti inanukia, ndiyo, mimi ndivyo ninavyosikia. Basi, siandiki zaidi ya hapo.

Nitaandika. Nani atasoma?

Jumapili, 10 Juni

Baada ya misa Zena amekuja. Huyu ni binti wa Salimu fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ametusikia tukipiga kelele kila Jumamosi, anataka aingie. Nimemwambia karibu, nikamweleza, na nimegundua kumbe naeleza vibaya. Ngoja nipange maneno hapa.

Mchezo tuliutunga na wenzangu bwenini, shule ya vipofu, nikaja nao hapa. Wasafiri wanashuka kutoka milima ya Mbulu kwenda ziwani kutafuta chumvi. (Hata kwenye mchezo tunatafuta chumvi! Nchi hii jamani.) Mmoja ni msimulizi. Anasema mmefika wapi, mnakutana na nini. Wengine kila mtu ana msafiri wake: mwindaji, mganga, mchunga punda. Unasema unafanya nini, halafu dadu inaamua. Dadu zetu ni za mti, matundu yametobolewa kwa msumari wa moto, kidole kinasoma.

Uhai wa msafiri ni mafundo kwenye uzi. Hatari ikija, msimulizi anarusha dadu ya hatari. Ikizidi mafundo yako, umekufa. Ikiwa sawa au pungufu, unafungua fundo moja, unaendelea. Mkipumzika, mganga anakufungia fundo. Mganga ni Fabiola, na kweli mikono yake inamfaa – tangu tukiwa watoto kwenye mafundisho ya komunio alikuwa ananifunga vidonda kwa kitambaa chake.

Dadu zote twazigusa, isipokuwa ya hatari. Hiyo ni ya msimulizi. Yeye anasema, sisi tunaamini.

Zena akauliza: "Na wewe dada, msafiri wako ni nani?"

Nikasema: Jicho. Mpelelezi. Anatangulia mbele, anapanda miti, anaona mbali kuliko wote. Sylvesta ananinong'oneza mimi peke yangu kilichoko mbele, halafu mimi ndiye ninayewaambia wenzangu. Bila mimi wanatembea gizani!

Zena akacheka. Cheko zuri, halikuwa na huruma ndani yake. Nimempenda.

Jioni Fabiola kapita, kamletea mama kipande cha mshumaa wa kanisani. Yeye na masista ndio wanaopamba altare, vipande vinavyobaki wanapewa. Mafuta ya taa hatujayaona tangu mwezi wa nne, mama kafurahi kama kaletewa sukari. Nyumba nzima inanuka nta ya nyuki. Mishumaa ya dukani hainuki hivyo – ilipokuwepo.

Jumatano, 13 Juni

Foleni ya sabuni. Nimefika alfajiri na fimbo yangu. Mama mmoja kaanza: "Maskini kipofu huyu, mpisheni, mpeni nafasi mbele." Wakaanza kunisukuma mbele kama mkokoteni. Nikakataa. Nikasema nitasimama nilipofikia, kama wengine. Sabuni ikaisha nikiwa bado nyuma.

Mama kanisema mpaka povu limemtoka – povu la bure, sabuni hakuna. "Kiburi kitafua nguo?"

Hakitafua. Lakini mimi nimechoka kusukumwa mbele! Watu wanakupa nafasi yao, halafu wanakutazama hivyo. Nawasikia wakitazama. Ndiyo maana naipenda Jumamosi. Kwenye Msafara hakuna anayenipisha. Chui hajui kama naona au sioni. Jicho kaishi kwa sababu mimi najua kucheza, basi, na hicho ni changu.

Nafumua sweta kuukuu la marehemu baba, nitafuma la mtoto wa mtu kule Sigino. Nyuzi mpya hakuna. Ugali wa yanga tena, yale mahindi ya njano ya msaada.

Jumamosi, 16 Juni

Sijui nianzie wapi. Natoboa karatasi kabisa.

Tumekaa barazani kama kawaida, jua la alasiri mgongoni. Zena mara yake ya kwanza. Tumevuka mto. Nyati katokea kwenye matete, kamwendea Jicho. Mafundo yangu ni matatu. Sylvesta karusha – kwaang' – kasema: "Mbili."

Nikaanza kushangilia. Zena akasema, kwa sauti yake ya kawaida tu: "Mbili ipi, mwalimu? Hiyo si tano?"

Kimya kile! Nimeishi na masikio yangu miaka mingi, nakijua kimya cha watu wanaotazamana.

Zena tena: "Na wewe dada Fabiola unanikonyezea nini? Au dada Kandida ana sheria yake? Mngeniambia mapema, mimi mgeni."

Nikaingiza mkono kwenye bakuli. Tupu! Sylvesta kashaichukua dadu. Nikamwambia lete. Akasema: "Kandida, sikiliza kwanza…" Lete! Akasema ameiokota kwa bahati mbaya. Kwa bahati mbaya!

Nimesimama. Nimelibeba sanduku la mchezo, dadu, nyuzi, bakuli, vyote, nimevitupa uani. Nimesikia bakuli likibiringika mpaka kwenye migomba. Nimewaambia wasikanyage kwangu tena. Uzi wa Jicho tu ndio ulibaki mkononi. Mafundo matatu.

Zena alikuwa analia. Masikini, ndiye pekee ambaye hakunifanyia kitu.

Jumapili, 17 Juni

Sikwenda misa. Fabiola kaja ilipotoka. Sikumkaribisha, kaingia hivyo hivyo, kakaa kitandani kwangu kama siku zote.

Nikamuuliza swali moja tu: tangu lini?

"Tangu Pasaka."

Eti Pasaka, Jicho alipobakiwa na fundo moja, nililia. Basi wakaogopa. Eti Sylvesta ndiye alisema, huyu hana kingine, tusimwondolee hiki. Wakakubaliana. Kila hatari ikinijia wanatazamana, Sylvesta anapunguza namba. Wote watatu!

Nikasema: Lembris alilia siku nzima kwa ajili ya mpiga mishale wake, mbona yeye mlimuua?

Akasema, taratibu: "Lembris ana mambo mengine, Kandida."

Loh! Bora angenipiga kofi.

Sikuishia hapo, mjinga mimi, nikaendelea kuchimba. Nikamuuliza kama kuna jingine. Akakataa. Nikamwambia Fabiola, nakujua pumzi yako. Ndipo akasema. Ile minong'ono. Sylvesta akishaninong'oneza kilichoko mbele, anawaonyesha wenzangu kwa vidole. Simba wawili, vidole viwili. Mto, anapunga mkono hivi. Kabla sijafungua mdomo wangu wameshajua! Eti ili nikisahau kitu nisiaibike.

Kumbe nilikuwa napanda miti, natazama mbali, narudi mbio kuwaonya – na wao wamekaa wananisubiri nimalize.

Fabiola alilia sana. Kaapa kwa Mama Maria hatarudia. Alinishika mkono, nikautoa. Kaniambia ameviokota vitu vyote uani, dadu ziliingia tope, atazisafisha na kuzitunza kwake mpaka hasira ziishe.

Haziishi.

Jumatatu, 18 Juni

Mama: "Wamekuonea huruma. Kosa liko wapi?"

Nikauliza kama naye alijua. Alikuwa anapepeta mahindi, ungo ukasimama.

Alijua. Alikuwa anawaona kutoka jikoni. Alidhani ni utani wa vijana.

Alhamisi, 21 Juni

Nafuma, nafumua. Nimekosea mkono wa sweta, kitu ambacho sijakosea tangu shuleni.

Kinachonichoma si kwamba Jicho angekufa. Angekufa, nami ningelia, ningeanza upya na mchunga punda. Kinachonichoma ni kwamba sasa sijui nilichofanya. Usiku wa fisi, nilipowapitisha kwenye korongo – ule ulikuwa ujanja wangu au wao? Chui? Mamba? Narudi nyuma tukio kwa tukio, kila moja nalibonyeza, lote linabonyea. Miezi imeliwa. Na mimi nilivyokuwa nawatambia! "Hamjui kutembea porini!" Yesu wangu, nilisema hivyo. Walinyamaza, nikasema wivu.

Na Sylvesta. Nilikuwa nasubiri Jumamosi nisikie ile sauti. Huyu hana kingine! Ndivyo alivyokuwa ananiona wakati ananinong'oneza. Leo natamani tangawizi zote za Babati zioze shambani.

Ijumaa, 22 Juni

Lembris kaja na maziwa kwenye kibuyu. Kasimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomwambia. Huwa hasemi sana, Kiswahili kinamchosha, mnadani anaongea na wauza ngozi wenzake kikwao.

Kasema: "Mimi nilinyamaza. Mtu akikuambia ng'ombe wako mzima, na yeye anaona kabisa ng'ombe anaumwa, huyo anakuharibia boma. Mimi nimekuharibia boma."

Hakusema samahani. Hakusema maskini. Nikamwambia kaa. Tukanywa chai isiyo na sukari, na maziwa yake.

Kabla hajaondoka kasema turudi kucheza. Kasema anataka kumwona Jicho akifa vizuri, kama mpiga mishale wake. Nilicheka! Nilikasirika kwamba nimecheka.

Jumanne, 26 Juni

Sylvesta. Katoka shule moja kwa moja, vumbi la chaki mpaka kwenye sauti. Shikamoo kwa mama, mama marahaba mwanangu, na ukarimu wote – kiti, kikombe, kila kitu! Mama huyu!

Kaeleza. Alitaka nifurahi. Kila neno lake linaanza na "mimi nilidhani". Nikamwacha adhani mpaka akaishiwa. Halafu nikamwambia: mwalimu, mtoto wako darasani akikosa hesabu zote ukampa vema, umempa nini?

Nikampa masharti. Msafara unarudi, mara moja tu, Saba Saba, mpaka tufike ziwani kwenye chumvi. Wote tunafunga vitambaa machoni, na Sylvesta pia. Hakuna vidole. Dadu ya hatari inasomwa kwa mkono kwenye bakuli – anayevamiwa anagusa kwanza, jirani yake anahakikisha. Jicho anaanza na mafundo matatu aliyonayo, hakuna kuongezewa. Akifa, amekufa.

Kakubali yote. Kaapa. Siku hizi wote wanaapa.

Nimemwambia nikifika ziwani, au nikifa njiani, kwa vyovyote nitajua ni mimi. Hicho tu ndicho ninachotaka. Nikikosa hata hicho sitacheza na mtu tena maishani mwangu.

Jumatano, 4 Julai

Fabiola kapita, kakaa kidogo. Baridi kali. Kaniuliza mafundo bado ni matatu kweli? Nikamwambia ndiyo, matatu. "Matatu," akarudia. Kasema dadu zimekauka vizuri, zitakuja Jumamosi.

Nilimshika mkono alipoaga. Nimemkosa, ukweli usemwe. Ukizoea mtu tangu utoto hasira nayo inachoka.

Jumamosi, 7 Julai – Saba Saba

Naandika chumbani. Wao wako barazani, wananisubiri. Nimewaambia naenda kuchukua sweta.

Niandike haraka.

Ilianza vizuri! Vitambaa machoni, Zena alikagua kila mmoja halafu akajifunga wa kwake. Walivyopapasa! Lembris kakaa juu ya kikombe. Sylvesta kasimulia bila mikono yake, na kasimulia vizuri kuliko siku zote, nadhani kwa sababu na yeye alikuwa haoni kitu. Kaninong'oneza: moshi mmoja, upande wa kushoto, na mbwa hawabweki. Nikawaambia. Hakuna aliyejua kabla yangu! Nilisikia wakivuta pumzi. Zena akauliza: "Dada, tufanye nini?" Akaniuliza mimi! Nikawazungusha nyuma ya kilima. Nilikuwa naona, naapa nilikuwa naona.

Mchunga punda wa Lembris kavamiwa na nyuki: kagusa, mbili, Zena kahakikisha, mbili. Zena kavamiwa na mwizi: moja. Lembris kasema leo Mungu yuko upande wetu.

Halafu ziwa likaonekana. Weupe wa chumvi. Nikatangulia. Na nyati yule yule – Sylvesta hakunihurumia, kamtoa yule yule – katoka kwenye matete.

Kwaang'.

"Kandida, gusa."

Nikaingiza mkono. Kidole kikakuta matundu matatu. Nikataka kusema tatu. Sawa na mafundo yangu, nimepona kwa haki!

Lakini kidole hakikusoma tatu.

Tatu ya dadu inapita mshazari, kona kwa kona. Hii ilikuwa imesimama wima pembeni, tundu juu ya tundu, kama herufi L ya nukta nundu ninayoiandika kila siku. Dadu haina L. Mtu anayehesabu kwa macho angehesabu tatu na kuridhika. Mimi sihesabu, mimi nasoma.

Nikapitisha ukucha upande wa pili. Laini. Nikanusa ukucha.

Nta ya nyuki.

Ndipo nikasema baridi, naenda kuchukua sweta, na dadu nikaondoka nayo kiganjani.

Nimeigeuza hapa. Sita imezibwa matundu matatu. Tano imezibwa mawili. Nne imezibwa mawili. Hakuna upande unaozidi tatu. Dadu nzima haina namba inayoweza kuniua.

"Mafundo bado ni matatu kweli?" Kaniuliza kwa sauti ya kunitakia heri! Nami nikamshika mkono! Sylvesta hajui, nina hakika, alikuwa amejawa na hofu wakati anarusha, nilimsikia akimeza mate. Ni Fabiola tu. Mganga wetu. Alikaa kwake na kipande cha mshumaa wa altare, akaziba tundu moja moja, pengine akiniombea.

Namchukia. Hapana. Nataka kumchukia, na ile harufu inanikumbusha komunio, kitambaa chake kwenye goti langu. Ndiyo inayoniuma hasa.

Sasa nta nimeichokoa yote kwa sindano ya kufumia. Upande niliougusa una matundu sita, wazi. Shuleni tukikosea tulipiga nukta zote sita juu ya kosa, ndiyo ilikuwa alama yetu ya kufuta. Hiyo hapa kwenye kiganja changu.

Nikitoka nikasema tatu, Jicho anafika kwenye chumvi, watashangilia, na mimi nitakuwa mwongo wa tano. Nikisema sita, Jicho amelala kwenye matete, na Fabiola anavuliwa nguo mbele ya wote.

Sylvesta anaita: "Kandida! Ngapi?"

Wananisikia nikigonga nukta. Lembris anasema mwacheni.

Hatua. Ni Fabiola, nazijua katambuga zake za tairi. Kasimama mlangoni, haingii.

"Njoo basi," anasema, chini chini. "Sema namba yoyote, Kandida. Yoyote."

Yoyote!

Uzi wa Jicho uko pajani kwangu. Nimefungua fundo moja. Sijui kama kitambaa bado kiko machoni pake. Nimemwambia asogee, alete kidole chake, aisome dadu mwenyewe.